Faili ya hospitali, daktari aliyetibu au mtaalamu huru: ulinganisho kwa mzazi au mlezi mwenye kesi ya mtoto Mombasa

Kesi nyingi zinazosikizwa katika Mahakama ya Watoto ya Tononoka hugusa afya kwa namna moja au nyingine. Mtoto ana kovu ambalo mama na baba wanalieleza kwa njia mbili zisizopatana. Nyanya anadai kwamba mjukuu wake mwenye ugonjwa wa selimundu hukosa dawa kila anapokwenda kwa baba yake. Mzazi mmoja anasema mwenziwe ana maradhi ya akili na hafai kulea. Katika kila kesi ya namna hiyo hakimu anahitaji kujua jambo ambalo hawezi kulitambua kwa kuwatazama watu waliosimama mbele yake, na familia inalazimika kuchagua kama itawasilisha rekodi za matibabu peke yake, itamwita daktari aliyemtibu mtoto, itategemea ripoti ya afisa wa watoto, au itatafuta mtaalamu wa nje asiyemjua mtu yeyote katika ukoo. Kila njia ina gharama yake, muda wake na hatari yake, na uchaguzi huu mara nyingi hufanywa kwa haraka, siku chache kabla ya kesi kusikizwa, wakati baadhi ya njia zimeshafungika.

Nalinganisha njia hizo hapa kwa ajili ya mtu asiye wakili ambaye kesho au keshokutwa ataulizwa na wakili wake, au na hakimu ikiwa hana wakili, ni ushahidi gani wa kitabibu anaotaka kuutumia. Msimamo wangu nautoa mapema: rekodi zitangulie, ziombwe kwa upana unaolingana na swali linalobishaniwa, kisha atafutwe mtu wa kuzieleza, na mtaalamu huru aje mwisho, pale rekodi na daktari aliyetibu wanaposhindwa kulijibu swali hilo. Ipo aina moja ya kesi ambayo upana huo lazima uwe mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, nayo nitaieleza kwa kirefu.

Mambo yasiyobadilika kwa njia yoyote

Kifungu cha 53(2) cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imesimama juu ya msingi huo. Kifungu cha 31 cha Katiba hiyo hiyo kinamlinda kila mtu, mtoto akiwemo, habari za familia yake na mambo yake ya faragha zisitakiwe wala kufichuliwa pasipo haja. Vifungu hivi viwili huvutana katika karibu kila ombi la rekodi za hospitali, na hakimu huamua kwa kuuliza kama habari inayoombwa inahitajika kweli ili kumlinda mtoto huyu, katika kesi hii.

Kuhusu wataalamu, kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kupokea maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu pale inapotakiwa kufikia uamuzi juu ya jambo la sayansi au fani. Hakimu hafungwi na maoni hayo. Huyapima pamoja na ushahidi mwingine wote na anaweza kuyakataa mradi atoe sababu. Sheria hiyo hiyo inalinda mazungumzo ya wakili na mteja wake, na kwa kiasi fulani ya mume na mke, lakini haina kinga ya namna hiyo kwa daktari na mgonjwa wake. Kutunza siri ni wajibu mzito wa daktari, ulioandikwa katika kifungu cha 11 cha Sheria ya Afya ya 2017, ila mahakama ikiamuru, rekodi hutolewa. Sisemi haya ili kumtisha mzazi asitafute matibabu. Rekodi inayoonyesha kwamba mama alijitokeza kliniki, akameza dawa zake na akarudi siku alizopangiwa humsaidia mbele ya hakimu kuliko kutokuwa na rekodi yoyote huku majirani wakitoa ushahidi wa waliyoyasikia kupitia ukuta.

Familia za Kiislamu ambazo talaka yao ilishughulikiwa na Kadhi nazo hujikuta Tononoka suala linapokuwa usalama wa mtoto, na yaliyomo humu yanawahusu sawasawa.

Kuomba rekodi hospitalini au kuomba mahakamani

Njia ya kwanza ni barua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kupata habari zake zilizoko mikononi mwa wengine, na kwa mtoto haki hiyo hutumiwa na mzazi au mlezi wake. Kanuni za 2021 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinataka ombi lijibiwe ndani ya siku 7 na bila malipo. Mzazi huandika kwa ofisi ya rekodi, akaambatisha nakala ya kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nambari ya mgonjwa kama ilivyo kwenye kadi, na tarehe za matibabu anazozitaka. Anayeandika tu kwamba anaomba rekodi za mwanawe hupewa karatasi moja ya muhtasari na hurudishwa nyumbani. Anayetaja karatasi ya mapokezi ya majeruhi ya usiku fulani, maandishi ya wodi, majibu ya maabara na picha zenyewe za eksirei hupewa kitu ambacho mtaalamu anaweza kukifanyia kazi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba ni ya haraka na ya bei nafuu, na inamwezesha mzazi kusoma yaliyomo kabla ya kuamua kama atayatumia. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, inafika kwenye rekodi za mtoto na zako mwenyewe tu. Faili ya mzazi mwenzako haikuhusu mpaka akubali kwa maandishi au mahakama iamuru. Pili, nakala uliyojichukulia inaweza kupingwa kwamba kuna kurasa zilizoondolewa, na kwa kawaida aliyeandika waraka hutakiwa aje authibitishe isipokuwa upande wa pili umekubali uwasilishwe bila yeye.

Njia ya pili ni wito wa mahakama, ambao watu wengi huuita samansi. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru nyaraka zitolewe na mashahidi waitwe, na Kanuni za 2010, katika Agizo la 16, zinaeleza namna ya kufanya hivyo. Anayeomba shahidi aitwe hulipa kwanza mahakamani gharama za safari yake, na anayeitwa ili alete waraka tu anaweza kuutuma kwa mtu mwingine bila yeye kufika, jambo ambalo hospitali nyingi hulipenda kwa sababu halimtoi daktari wodini. Rekodi zilizokuja kwa wito zimetoka kwenye kabati la hospitali moja kwa moja, na ubishi juu ya kurasa zilizopotea hupungua sana. Bei yake ni muda: ombi lipangiwe tarehe, upande wa pili upewe nafasi ya kupinga, amri itolewe, ipelekwe hospitalini, na hospitali itii.

Ombi la mahakamani linafaulu au linaanguka kutokana na maneno yake. Anayeomba "rekodi zote za matibabu za mjibu maombi" anamwalika wakili wa pili asimame na kifungu cha 31 mkononi. Anayeomba rekodi za matibabu ya akili za kipindi ambacho mtoto aliishi na mzazi huyo, zinazohusu utambuzi wa ugonjwa, dawa na mahudhurio, amelijibu pingamizi kabla halijatolewa. Kwa habari za VVU mpaka ni mkali zaidi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2006 inataka ridhaa ya maandishi, au habari hiyo iwe inahusiana moja kwa moja na shauri lililo mbele ya mahakama, na kwa maoni yangu hali ya VVU ya mzazi, ikiwa peke yake, haijibu swali lolote juu ya uwezo wake wa kulea.

Kuna njia ya tatu ambayo haifai kabisa, nami naitaja kwa sababu mji wetu ni mdogo na kila mtu ana jamaa anayefanya kazi hospitalini. Kumtuma binamu apige picha kurasa za faili ya mke au mume wako na kuzirusha kwa WhatsApp kunamweka binamu huyo katika hatari ya kupoteza kazi na kushtakiwa, na kunaipa mahakama sababu ya kuukataa ushahidi wenyewe, kwa kuwa kifungu cha 50(4) cha Katiba kinataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utupiliwe mbali pale kuupokea kutakapoharibu usawa wa kesi au kuidhuru haki. Habari hiyo hiyo ingepatikana kwa wito, kihalali, iwapo kweli ilihitajika.

Faili nzima au kurasa zinazohusika

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu kuliko pote, na ndipo ningetaka msomaji akae kidogo.

Tuchukue kwanza kesi ya mama aliyepatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, baada ya kujifungua, akatibiwa katika kitengo cha magonjwa ya akili kilichoko Port Reitz, na sasa baba anataka mtoto akae kwake. Swali la hakimu ni kama mama huyo, leo, anaweza kumlea mtoto salama. Kinachohitajika ni jina la ugonjwa, dawa alizopewa, alihudhuria vipi, na hali yake ya sasa kwa maneno ya daktari anayemwona. Aliyomweleza mshauri nasaha kuhusu utoto wake au ndoa yake hayajibu swali hilo, na yakisomwa mbele ya mume na wakwe wanaogombana naye yatamjeruhi upya. Katika kesi kama hii barua ya daktari yenye kurasa mbili au tatu, ikiambatana na karatasi ya mahudhurio, ni bora kuliko faili nzima. Baba asiporidhika na barua hiyo, ombi la busara ni kwamba hakimu aisome faili kwanza peke yake na kuachilia kurasa zinazohusu swali.

Sasa tuchukue kesi ya pili. Mtoto wa miezi 14 ameletwa usiku na mguu uliovimba. Eksirei inaonyesha mfupa wa paja umevunjika. Mzazi anasema mtoto alianguka kutoka kitandani. Hospitali imemjulisha afisa wa watoto, na kesi ya matunzo na ulinzi imefunguliwa. Katika kesi hii muhtasari ni hatari kwa kila mtu, mtoto akiwa wa kwanza. Barua ya kuruhusiwa kutoka wodini itaandika sehemu iliyovunjika, plasta iliyowekwa na tarehe ya kurudi. Haitasema kwamba karatasi ya mapokezi ya saa saba za usiku iliandikwa na afisa wa kliniki aliyemsikia shangazi, si mama, akieleza namna mtoto alivyoanguka. Wala kwamba maneno yalibadilika asubuhi yake. Wala kwamba mtoto huyo huyo alipelekwa zahanati nyingine wiki tatu kabla akiwa na uvimbe wa mkono. Kilichoandikwa usiku wa kwanza, kabla mtu yeyote hajafikiria mahakama, huwa na uzito ambao barua iliyoandikwa miezi sita baadaye kwa ombi la wakili haiwezi kuufikia.

Faili nzima inaweza vilevile kumwokoa mzazi asiye na hatia. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na mabaka ya rangi ya kijivu au samawati mgongoni na matakoni, yasiyo na maumivu wala madhara, yanayofifia kadiri mtoto anavyokua. Mtu asiyeyajua huyadhania kuwa alama za kipigo. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, au maandishi ya mkunga siku ya kuzaliwa, yakitaja baka hilo mahali pale pale, yanamaliza ubishi ambao vinginevyo ungemtoa mtoto nyumbani kwao. Ukurasa wa uzito katika kijitabu hicho huonyesha kama mtoto alikuwa akikua vizuri au alianza kushuka kutoka mwezi fulani, na majibu ya maabara yanaweza kuonyesha matege au udhaifu wa mifupa unaoufanya mfupa uvunjike kwa tukio dogo. Hakuna wakili anayeweza kujua mapema ni ukurasa upi utakaoleta tofauti, na ndiyo maana katika kesi za majeraha ninashauri faili nzima ya mtoto, kutoka kila hospitali na kila zahanati aliyopitia, pamoja na picha zenyewe za eksirei na si maelezo yake tu.

Uingereza ilijifunza jambo hili kwa machungu, ingawa kesi ilikuwa ya jinai na haikuwa ya malezi. Sally Clark, wakili kutoka Cheshire, alihukumiwa mwaka 1999 kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Profesa Roy Meadow, daktari wa watoto aliyeheshimika, aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya watoto katika familia kama ile ni 1 kati ya milioni 73. Yeye alikuwa daktari, hakuwa mtaalamu wa takwimu, na hesabu yake ilichukulia kwamba vifo viwili ndani ya nyumba moja havina uhusiano wowote, kosa ambalo Chama cha Kifalme cha Takwimu kililikemea hadharani mwaka 2001. Hata hivyo kilichomfungulia Clark mlango wa gereza Januari 2003 kilikuwa majibu ya maabara ya mtoto wa pili, yaliyoonyesha bakteria mwilini mwake, ambayo daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa nayo na hayakuwafikia mawakili wa utetezi wakati wa kesi. Mama huyo alikaa gerezani zaidi ya miaka mitatu. Katika kesi hiyo moja kuna makosa yote mawili ninayoyahofia: mtaalamu aliyesema nje ya fani yake, na karatasi ya maabara iliyobaki ndani ya faili.

Nani azieleze rekodi hizo

Afisa wa watoto ndiye anayepatikana kwa urahisi zaidi. Mahakama humwagiza aandike ripoti, naye hufika nyumbani, huzungumza na mtoto, wazazi, majirani na walimu, na familia haimlipi. Juu ya mazingira ya mtoto, usafi wa chumba, nani hubaki naye wazazi wakiwa kazini, na mtoto mwenyewe anasema nini, ripoti yake ina nguvu kuliko ya daktari yeyote. Juu ya sababu ya mfupa kuvunjika, au kama dawa fulani humfanya mama asinzie kiasi cha kutomsikia mtoto, ripoti hiyo haitoshi, hata ikitumia maneno ya kitabibu. Mzazi mwenye busara humkabidhi afisa nakala za rekodi mapema, ili aandike akiwa amezisoma badala ya kutegemea aliyosimuliwa sebuleni.

Daktari au afisa wa kliniki aliyetibu huja na kitu ambacho mtaalamu wa nje hana: alimwona mtoto. Anaweza kusema mtoto alilia alipoguswa wapi, alimkimbilia nani, na mzazi alijibu nini alipoulizwa. Udhaifu wake huonekana anapoanza kuhojiwa na upande wa pili. Ataulizwa kama aliwahi kusomea namna ya kutofautisha mvunjiko wa ajali na wa kipigo, na mtu mkweli atajibu kwamba kazi yake usiku ule ilikuwa kutibu. Jibu hilo halimvunjii heshima. Linaonyesha mpaka wa ushahidi wake, na wakili mzuri hamsukumi kuuvuka. Tatizo jingine ni uhamisho. Aliyeandika rekodi anaweza kuwa amehamia kaunti nyingine kabla kesi haijasikizwa, na hapo kifungu cha 33 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maandishi yake yapokewe iwapo mahakama itaridhika kwamba kumleta kutachelewesha kesi au kugharimu kupita kiasi. Kwa kawaida mwenzake anayeujua mwandiko wake ndiye huyawasilisha.

Pale kunapodaiwa unyanyasaji wa kingono au kipigo, fomu ya PRC na fomu ya P3 huingia, na watu huzichanganya. PRC hujazwa na mhudumu wa afya wakati mtoto anapohudumiwa baada ya dhuluma ya kingono. P3 hutoka polisi na hujazwa kwa ajili ya kesi ya jinai, mara nyingi kwa kutegemea maandishi ya awali. Ukiwa na zote mbili na zinatofautiana, karatasi za matibabu za siku ya kwanza ndizo za kuchunguzwa kwanza.

Mtaalamu huru, awe mwanasaikolojia wa watoto, daktari wa magonjwa ya akili au daktari wa watoto ambaye hakuhusika na matibabu, ndiye ghali kuliko wote na ndiye anayechelewesha kesi zaidi. Wengi wako Nairobi, ingawa siku hizi wanaweza kutoa ushahidi kwa njia ya video, na gharama ya ndege na malazi ikapungua. Nguvu yake ni kwamba hana upande, amesomea swali lenyewe, na anaweza kueleza kwa nini jeraha hili linalingana au halilingani na maelezo yaliyotolewa. Bila rekodi kamili, maoni yake hayana pa kusimama. Nimesema rekodi zitangulie kwa sababu hiyo hasa: anayemlipa mtaalamu kwanza na kutafuta faili baadaye hulipa mara mbili, kwani ripoti italazimika kuandikwa upya.

Kwa swali la lini mtaalamu wa namna hii aitwe, kipimo cha Uingereza kinafaa kuazimwa ingawa hakitufungi. Tangu Sheria ya Watoto na Familia ya 2014, mahakama za huko haziruhusu mtaalamu katika kesi za watoto isipokuwa ushahidi wake ni wa lazima ili kesi iamuliwe kwa haki. Kusema kwamba utasaidia hakutoshi, na hakimu lazima afikirie athari za uchunguzi kwa mtoto, gharama, na ucheleweshaji katika kesi zinazotakiwa kumalizika ndani ya wiki 26. Kwa mtoto wa miaka miwili aliyewekwa katika kituo au kwa mtu baki akisubiri ripoti, miezi mitano ni sehemu kubwa ya maisha yake, na mzazi anayeomba kesi iahirishwe ili amtafute mtaalamu ambaye hamhitaji anauchezea muda wa mwanawe.

Mtaalamu mmoja wa wote, au kila upande na wake

Mkikubaliana juu ya mtaalamu mmoja, gharama hugawanywa, mtoto huchunguzwa mara moja, na hakimu hupata jibu lisilo na harufu ya fedha za upande wowote. Mtoto anayepelekwa kwa mwanasaikolojia wa mama Jumatatu na wa baba Alhamisi hujifunza upesi kila mmoja anataka kusikia nini, na baada ya hapo maneno yake hayamsaidii mtu. Kwa maswali ya hali ya akili ya mzazi na uhusiano wake na mtoto, mtaalamu mmoja ni chaguo bora karibu kila mara.

Wataalamu wawili wanastahili pale sayansi yenyewe inapobishaniwa, kwa mfano umri wa mvunjiko au sababu ya kuvuja damu kichwani, na matokeo yake ni mtoto kuondolewa moja kwa moja kwa wazazi wake. Hata hapo, wa pili asimchunguze mtoto upya. Asome faili na picha zile zile.

Kwa mtaalamu yeyote, barua ya kumwagiza iandikwe kwa pamoja na iwe na maswali machache yaliyo wazi. Swali la kufaa husomeka hivi: "Kwa kuzingatia picha za eksirei za tarehe iliyotajwa na maandishi ya mapokezi ya usiku huo, je, kuanguka kutoka kitanda cha urefu uliotajwa kunaweza kuleta mvunjiko wa aina hii kwa mtoto wa miezi 14, na ni sababu gani nyingine zinazowezekana?" Swali lisilofaa ni kama mzazi ni mwongo au kama mtoto akae na nani, hayo ni ya hakimu. Barua hiyo iorodheshe kila waraka aliopewa, ili ukurasa uliokosekana ujulikane mapema.

Kesi za kutambua baba mzazi ni rahisi kidogo, kwa kuwa kipimo cha DNA kina jibu moja na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali haina upande. Ubishi huwa juu ya kama kipimo kiamuriwe, na anayekiomba lazima aonyeshe msingi wa madai yake kabla mwili wa mtoto haujaguswa.

Njia yoyote utakayoichagua, itaje siku kesi inapotajwa kwa maandalizi, kabla haijapangiwa tarehe ya kusikizwa, na siku hiyo hiyo uombe amri juu ya matumizi ya rekodi zenyewe: zisomwe na wahusika, mawakili, afisa wa watoto na mtaalamu tu, nakala zisitumwe kwa simu, jina la mtoto na shule yake yafutwe kwenye nakala yoyote itakayotoka nje ya faili ya mahakama, na nakala zirejeshwe kesi ikiisha. Mahakimu wa watoto hawakatai ombi la namna hii kwa urahisi, na mzazi mwenzako hana sababu ya heshima ya kulipinga.